Doko Hakukataa Shada

Mtaa wa Dhungechok, Patan
27 Kartik, siku moja baada ya Siku ya Mbwa. Mwezi wa tisa tangu nirudi hapa kutoka kwetu Rolpa

Kwa Mheshimiwa Purna Kaji Awale,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba maandazi ya sikukuu hayajakusumbua tumbo kama mwaka jana, maana tulisikia. Mimi ni Lokbir Budha, mmoja wa wapagazi wanaopandisha matofali kwenye nyumba mpya ya mpwa wako, nyuma ya bomba la maji. Hunijui sura kwa sababu kila unaponiona nimeinama. Ukiona miguu miwili chini ya kapu, mmoja una kandambili ya bluu na mwingine ya kijani, ndiye mimi.

Nakuandikia kuhusu mbwa anayeitwa Doko. Tulimpa jina la kapu letu la kubebea kwa sababu amefanana nalo: mpana juu, mwembamba chini, na katikati hakuna kitu. Jana mbwa wote wa mtaa walipakwa tika, ile alama nyekundu ya baraka kwenye paji la uso, wakalishwa nyama na kuvishwa mashada ya maua ya njano. Ilipofika zamu ya Doko, shada lilianguka. Mlilirudisha, likaanguka tena. Hapo ukasema mbele ya watu, "Mbwa huyu anaikataa ibada. Atatutia mkosi." Ukaagiza Jumamosi aje mtu wa pikapu akamtupe ng'ambo ya mto.

Mimi leo jioni napanda basi kwenda nyumbani. Keshokutwa ni siku ya akina dada kuwapaka tika kaka na wadogo zao, na dada yangu Jasmali ameniambia kwenye simu, "Usipokuja mwaka huu, nampaka mbuzi, na zawadi atapewa mbuzi." Kwa hiyo Jumamosi sitakuwepo kumtetea Doko, na hana mtetezi mwingine. Itabidi barua hii isimame mlangoni pako badala yangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Doko hakukataa shada. Shada linahitaji mahali pa kukaa, na Doko mahali hapo hana. Kichwa chake kimeota moja kwa moja kwenye mabega, kama kitasa kwenye mlango. Shada lilimteleza masikioni likamwangukia puani, akapiga chafya. Chafya si tusi.

Yule dada wa mifugo aliyekuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa alimpapasa mgongo muda mrefu, akaniambia kwamba huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, adimu sana. Mifupa ya uti wa mgongo imebanana na kushikana, na mbwa wa namna hii ni wachache mno duniani. Nikamuuliza, "Anaumia?"

Akasema, "Wewe mgongo unakuuma?"

"Kila siku, dada."

"Basi yeye ana nafuu kuliko wewe."

Alisema Doko anyanyuliwe kwa kutegemezwa tumbo, asilazimishwe kuruka ngazi, na chakula chake kiwekwe juu ya tofali kwa sababu kuinamisha kichwa hawezi. Kugeuza kichwa pia hawezi. Ukimwita, anakugeukia mzima, kuanzia mkiani. Mheshimiwa, ni nani mwingine katika mtaa huu anayekugeukia kwa mwili mzima? Mwanao mwenyewe hukujibu huku anatazama simu.

2. Mama Chiri Maya, muuza chai, anaeneza kwamba Doko ameambukizwa na sisi wapagazi. Nakiri chanzo cha uvumi huu. Sisi hubeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na mwenye matofali mgongoni hageuzi kichwa. Akikigeuza, anafuatana nacho chini. Kwa hiyo mama huyu akiniita, nami nageuka mzima. Juzi aliwaonyesha wateja: "Tazameni. Ugonjwa ni mmoja, ila huyu hana mkia."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini sasa mwenzangu Narbir hataki kulala karibu na Doko, na wateja hawataki kukaa karibu na Narbir. Nimejipima shingo kwa kamba. Ipo, ingawa si ndefu kama nilivyokuwa nikidhani. Naomba kamati itangaze, kwa kipaza sauti kile cha kutangazia zamu za maji, kwamba ugonjwa huu hauambukizi: si kutoka kwa mbwa kwenda kwa mpagazi, wala kutoka kwa mpagazi kwenda kwa mbwa.

3. Kuna upendeleo wa shingo. Mbwa wa buchani asubuhi ileile ya jana alimng'ata mtu wa umeme, na bado alivishwa mashada mawili, eti kwa sababu yalimkaa vizuri. Na kwa heshima zote, Mheshimiwa, siku ulipochaguliwa tena mashada yalikufika masikioni. Ulihutubia tukiona macho tu. Hakuna aliyeita pikapu.

Hata Ganesh wetu wa jiwe pale kona, mungu mwenye kichwa cha tembo, shingo yake iko wapi? Shada lake hulazwa tumboni, na kila asubuhi unamwinamia. Sisemi kwamba Doko ni mungu. Nasema tu kwamba ibada imeshapata njia ya kumfikia asiye na shingo, tena bila ya kamati kukaa kikao.

4. Doko hawezi kuishi nje ya Dhungechok. Hapa anajua kila jiwe, na kila jiwe linamjua. Kumpakia kwenye gari ni kumuua. Mimi si daktari, lakini nimebeba vioo vya madirisha, na najua kitu cha kusafirishwa na kitu cha kuachwa kilipo. Doko si wa kupanda gari la aina yoyote, hata mpaka barabara kuu. Na ieleweke pia kwamba si mbwa wangu. Mpagazi hana mahali pa kufuga mbwa, na mimi sina mazoea naye. Ni mbwa wa mtaa, na mtaa ndio unaopaswa kumtunza.

5. Kwa hiyo naomba kila mwaka, siku inayofuata Siku ya Mbwa, iwe Siku ya Kugeuka Mzima. Kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, mtu akitaka kumtazama mwenzake amgeukie kwa mwili wote. Kuchungulia sufuria za majirani kutapungua. Sisi wapagazi tutafundisha bila malipo.

Aidha, Doko apewe kiti kwenye kamati. Hawezi kutikisa kichwa kukupinga. Wala hawezi kuitikia kwa kichwa kabla hujamaliza kusema, kama wafanyavyo wajumbe ulio nao.

6. Pikapu ikija Jumamosi, wapagazi wote wataingia uchochoroni na mizigo yao, na Narbir, ambaye nimeshasuluhishana naye, atapaza sauti kuwaita. Watageuka wote kwa pamoja, wazima wazima. Unaujua uchochoro ule. Hata harusi haitapita.

Nawasalimu mama yako mzazi, wajumbe wote wa kamati, Mama Chiri Maya na chai yake, mpwa wako ambaye nyumba yake inaendelea vizuri isipokuwa ngazi imepinda, na hata mbwa wa buchani.

Ni mimi niliye chini ya kapu,
Lokbir Budha, darasa la tano

Nyongeza: Naandika haya kwenye basi, na barua nitampa konda ailete basi likirudi Patan. Doko alinifuata mpaka mwisho wa mtaa. Nilimwamuru arudi, akageuka mzima. Nilipopiga hatua, akageuka mzima tena kunitazama. Tuliendelea hivyo mpaka nikaona basi litaniacha, nikatandika majani makavu ndani ya kapu nikamwingiza. Ameenea kama vile lilisukwa kwa kipimo chake.

Konda aliuliza, "Kaka, huyo ni mzigo au abiria?"

Nikamwambia, "Anatazama mbele kuliko dereva wako." Akatupisha.

Shada nimemfunga kwa fundo letu la mzigo, likapita kwenye paji la uso na kurudi chini ya tumbo. Halikuanguka hata kwenye kona. Upande wake mmoja ameutafuna. Safari haijamdhuru, anayetapika ni mimi.

Kwa hiyo futa lalamiko la nne lote, na mwenye pikapu mwambie asihangaike. Kiti cha kamati kibaki wazi, na tofali lake la chakula lisiondolewe pale bombani. Tunarudi mwezi ujao, tarehe 15 Mangsir.