Muhuri wa Huruma

Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Jumanne hiyo ya mwaka 1954, hakuna mlevi atakayeaibishwa tena katika wilaya nzima ya Nakuru. Walevi wote wangepigwa muhuri.

Si mwilini, jamani. Serikali ina ubinadamu. Ungepigwa kwenye kipande, ile karatasi ya kazi ambayo Mwafrika hakuthubutu kuvuka hata mfereji bila kuwa nayo. MGONJWA WA POMBE, AHESHIMIWE. Kamati ya Kuzuia Ulevi na Kuondoa Fedheha ilikaa miezi saba kuchagua rangi ya wino, ikapata nyekundu.

Kiprugut, mkamuaji wa ng'ombe wa mzungu huko Dundori, alilielewa tangazo kuliko kamati. Busaa, ile pombe ya nafaka, alikuwa ameiacha miaka miwili, ila watu hawakuacha kumwita Mlevi. Na mzungu gani angemwajiri mtu mwenye wino mwekundu? Kazi ikienda, kibanda cha shambani kinaenda, na watoto wanne wanalala nje.

Kanuni ilitaka kila mfanyakazi amtaje, kwa upendo, mgonjwa mmoja wa pale anapofanya kazi. Kiprugut akamfuata Nyakio, mpishi wa nyumba kubwa.

"Dada, kesho utataja nani?"

"Mlevi."

"Lakini mimi niliacha, unajua!"

"Mbona unalia kama ndama? Nimekutaja? Enda ukakamue, bwana."

Hakulala.

Kwenye baraza, Bwana Afisa wa Afya alipanda juu ya kiti. "Msione haya! Ugonjwa huu hauchagui mtu! Tajeni!" Karani Naftaly, ambaye hata kanisani alienda na kalamu sikioni, akafungua daftari.

Nyakio akatangulia. Kiprugut akafumba macho.

"Mgonjwa wangu ni bwana wa shamba. Asubuhi mkono unatetemeka mpaka apate wiski. Chupa anaficha ndani ya buti za mvua. Naomba aheshimiwe."

Naftaly akaandika. "Kipande chake kiko wapi?"

"Wewe nawe! Mzungu gani hutembea na kipande?"

"Basi kitatengenezwa," akasema Naftaly, maana kanuni ni kanuni.

Chepkurui, yaya wa Milimani, mtaa wa wazungu, alitaja bwana na bibi yake pamoja, hakutaka kuwatenganisha. Kufikia adhuhuri majina yalikuwa sitini, yote ya watu wenye magari. Ndipo Micah, mpishi wa Bwana Afisa mwenyewe, akavua kofia. "Bwana, nakutaja kwa upendo. Asubuhi mkono wako pia hutetemeka."

Hakuna aliyecheka. Watu mia tatu waliinamisha vichwa kwa masikitiko.

Jioni kamati ilikutana kwa dharura katika klabu ya wazungu, ikaamua kwa kauli moja kwamba Nakuru haina mlevi, wala haijapata kuwa naye. Kisha ikaagiza chupa nyingine. Kwa hivyo Kiprugut, kwa tamko la serikali, akawa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe, na kipande chake kikabaki kisafi.

Bwana Afisa alikaa Nakuru miaka mitatu zaidi. Kila alipokatiza sokoni, akinamama waliacha kuuza, wakampisha njia, wakamuuliza kwa sauti ya upole: "Pole, Bwana. Leo mkono unaendeleaje?"