Uzinduzi wa Taasisi ya Upepo Isiyopitisha Upepo

Mheshimiwa Mkaguzi kutoka Wizarani, Bwana Ognjen Škorić, uliyeacha kazi zako za maana kule Belgrade ukaja kukagua zetu. Mheshimiwa Meya wa Belobrod, pamoja na mama mkwe wako aliyekuja kuhakikisha kwamba kweli huwa unakwenda kazini. Baba Sava, uliyebariki nyaya zetu kwa maji ya baraka ukazima taa za mtaa mzima. Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Nyuki. Mwenyekiti wa zamani wa chama hicho hicho, nyinyi wawili mliokaa viti vya mbali ili msisalimiane. Wajumbe wa kamati, wajumbe wa kamati ndogo ya kamati hiyo, wanakwaya, na nyinyi nyote mliofuata harufu ya nyama ya kuchoma mkadhani hapa kuna harusi: itifaki, kwa kadiri inavyoweza kuzingatiwa mbele ya watu wenye njaa, imezingatiwa. (Makofi. Mzee Živadin, kutoka nyuma: "Nyama saa ngapi?")

Nyama baada ya sayansi, Mzee Živadin. Kwa majina naitwa Ljubisav Pantelić, Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Kikanda ya Udhibiti wa Mtiririko wa Hewa kwa Njia ya Umeme, na ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, niseme bila kujisifu, haujapata kuonekana katika wilaya hii, na ambao wenzangu wamependekeza uwekewe kibao ukutani. (Makofi ya wajumbe wa kamati ndogo.)

Sasa, sayansi yenyewe. Ndege inapoinua pua kupita kiasi, ile hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya bawa inachoka kulifuata, inaliacha, na ndege iliyoachwa na hewa haina pa kwenda isipokuwa chini. Lakini ukibandika vipande viwili vya shaba nyembamba juu ya bawa hilo, katikati yake ukaweka utepe usiopitisha umeme, kisha ukaviwasha kwa volti maelfu kwa maelfu, hewa ya jirani inapata chaji, inawaka rangi ya zambarau, inasukumwa na umeme, na yenyewe inasukuma wenzake, mpaka yote inarudi kulilalia bawa kama mume aliyefuatwa baa na mkewe. (Vicheko. Mama mkwe wa Meya anakohoa kwa makusudi.) Hakuna injini, hakuna kinachozunguka, ni umeme na hewa tu. Nimeeleza vizuri namna hii kwa sababu nilifundishwa jana na Mhandisi Vukosava, yule pale kando ya lile bawa dogo la majaribio, binti wa dada yangu marehemu, niliyemwajiri kwa ushindani wa wazi na wa haki ambao yeye peke yake ndiye aliyealikwa. Mimi mwenyewe, ujuzi wangu wa umeme unaishia pale pale wanapoishia wakurugenzi wengi: taa ikigoma, naigonga.

Kwa upande wa mafanikio, Mheshimiwa Mkaguzi, taasisi hii imefanya upembuzi yakinifu, ikaandaa mpango mkakati, ikaandaa mkakati wa kuutekeleza mpango mkakati, na ikaendesha semina elekezi ya wadau katika hoteli yenye bwawa la maji moto, ambako suala zima la hewa lilijadiliwa kwa kina washiriki wakiwa majini. Ufanisi wetu umepanda kwa asilimia mia mbili kutoka kiwango ambacho hakikuwahi kupimwa. (Makofi.) Asanteni. Mimi pia nilishangaa.

Na kwa nini Belobrod? Kwa sababu wenzetu wengine duniani upepo wanautafuta, ilhali sisi Koshava, upepo wetu mkali wa hapa, inatufuata mpaka kitandani. Inapovuma kutoka bondeni mwa Danube inang'oa vigae, inabeba nguo kambani, na mwaka juzi ilimchukulia Mwenyekiti wa Wafuga Nyuki mzinga mzima ikauweka uani kwa Mwenyekiti wa zamani, jambo ambalo hadi leo lina tafsiri mbili. ("Tatu!" anasema Mwenyekiti wa zamani.) Upepo tunao. Tulichokosa ni uongozi wenye maono, na uongozi ndio huu mnaouona, umevaa skafu.

Mheshimiwa Mkaguzi amenong'ona kuniuliza, kwa nini ukumbi wa majaribio ya upepo una joto kama tanuri la mkate. Swali zuri sana. Madirisha yote yamezibwa kwa gundi na magazeti, na chini ya kila mlango kuna blanketi lililokunjwa, kazi ya kujitolea ya Mama Desanka, mtunza ukumbi wetu. (Mama Desanka anasimama, anapigiwa makofi kuliko Mkurugenzi.) Sisi hapa hatuhitaji kuelezana habari za promaja. Milango miwili ikitazamana nayo ikawa wazi, ule upepo unaoingia huku na kutokea kule ndio uliowaua bibi zetu, ndio unaopindisha shingo, unaopooza mdomo na kuozesha figo. Upepo wa nje ni hali ya hewa. Upepo wa ndani ni mauti.

Kwa hiyo Mhandisi alipofungua mlango wa kusini na wa kaskazini ili kulipima bawa lake, Mama Desanka alifunga mmoja. Mhandisi akafungua, fundi umeme akafunga. Mhandisi akafungua, nikafunga mimi, maana nilikuwa nimetoka kunyolewa na kisogo kilikuwa wazi. Hatimaye Kamati ya Afya iliketi ikaazimia kwamba majaribio ya upepo yafanyike bila upepo, kwa muda, hadi kiangazi. Na kiangazi kilipofika ikakumbushwa kwamba promaja juu ya jasho ni mbaya zaidi. Ile mashine ya kuzalisha upepo tuliyowaonyesha kwenye picha, hiyo nayo, iko katika mchakato. (Sauti ya Vukosava: "Mjomba, hakuna mashine.")

Mhandisi anatania.

("Sitanii. Mjomba, uliniahidi leo milango itafunguliwa, ndiyo maana nipo. Kazi ya Stuttgart, kule Ujerumani, bado inaningoja, na basi la kwenda huko ni kesho asubuhi. Nionyeshe mara moja tu kwamba kitu hiki kinafanya kazi nyumbani kwetu, nitabaki. La sivyo naondoka.")

(Mkaguzi Škorić: "Na mimi, Mkurugenzi, nimekuja kuona bawa likifanya kazi. Nisipoliona leo, naandika taasisi ifungwe. Ukumbi huu ugeuzwe ghala la alizeti.")

Waheshimiwa, mmesikia. Hii ndiyo tunayoiita changamoto, na changamoto ni fursa iliyochelewa kuvaa. Napendekeza tuunde kikosi kazi kitakachochunguza uwezekano wa kufungua mlango mmoja, kwa nusu, wadau wakiwa wameshaketi upande wa pili wakiwa na kofia, na taarifa yake ijadiliwe... Vukosava. Vukosava, mwanangu, rudi. Acha kitasa hicho. (Mlango wa kusini unafunguliwa.) Tulieni! Mmoja hauna madhara! Mmoja ni mlango tu! (Mlango wa kaskazini unafunguliwa. Koshava inaingia. Mayowe: "Figo zangu!" "Mfunike mtoto shingo!" "Atatuua huyu!" Viti vinaanguka. Wenyeviti wawili wa wafuga nyuki wanatoka wameshikana mikono.)

Ndugu wananchi, tunaendelea na hotuba hapa nje. Namshukuru Mheshimiwa Mkaguzi kwa kutuongoza katika kutoka. Nilidhani mimi nina mbio, kumbe Wizara ina mbio zaidi. Kama mnavyoona, Koshava imeshachukua kofia ya Meya, hotuba yangu kurasa zote zilizobaki, na sahani za plastiki, na Baba Sava ameukumbatia mti; lakini hapa hakuna promaja, kwa hiyo afya zetu ziko salama. (Makofi. Mzee Živadin: "Hapa pazuri! Kule ndani ningekufa!")

Nilikuwa nasema kwamba taasisi yetu... subirini. Gazeti limebanduka hapa dirishani kidogo. Namwona Vukosava. Amebaki peke yake na bawa, amechukua chetezo cha Baba Sava, moshi wa ubani unapita juu ya bawa. Unaruka juu, unaliacha, unatapakaa kama alivyosema. Sasa anabonyeza swichi. Mungu wangu. Kuna mstari wa zambarau, mwembamba, ukingoni mwa bawa, na moshi... moshi umelala. Umelala juu ya bawa kuanzia mbele mpaka nyuma! Amezima, umeruka. Amewasha, umelala! (Makofi marefu, kama ya kila mara.) Hapana, msipige makofi! Hii si hotuba! Njooni mtazame, inafanya kazi!

(Mkaguzi Škorić, akifunga skafu: "Mkurugenzi, hata ripoti ya mwaka jana uliandika hivyo hivyo. 'Inafanya kazi.' Na ya mwaka juzi.")

Niliandika, ndiyo. Nilidanganya. Sasa sidanganyi. Ingia ndani, hatua chache tu, uone kwa macho yako, tafadhali.

("Milango bado iko wazi?")

Iko wazi, ndiyo maana inafanya kazi.

("Basi waifunge kwanza. Ikifungwa nitaingia nikague.")

(Vicheko. Mama Desanka: "Mtu wa maana huyo. Kalelewa na mama yake." Anakwenda na blanketi lake. Mlango wa kaskazini unafungwa, kisha wa kusini.)

Basi, ndugu zangu, tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema "Hewa", nyinyi semeni "Ishikwe". Hewa! ("Ishikwe!") Hewa! ("Ishikwe!") Ubunifu! ("Nyama!") Haya, nayo ni kaulimbiu.

Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua mradi ambao haukuwahi kuwapo. Hakukuwa na mashine, hakukuwa na maabara, hakukuwa na kipimo hata kimoja. Kulikuwa na kamati, na maji moto, na mimi. Mheshimiwa Mkaguzi, andika ifungwe, na jina langu uliandike kwa herufi kubwa. Lakini hicho kilichowaka humo ndani hakimo katika mpango wetu wowote. Yule binti alilichonga bawa mwenyewe kwa mikono yake, na nilichomchangia mimi ni kumfungia mlango. Nimekiona mara moja, peke yangu, kupitia tundu la gazeti, na hakuna mtu katika wilaya hii anayepaswa kuniamini. Nimeona aibu, na sina namna ya kulisema hilo kwa lugha ya kiofisi.

(Vukosava anatoka na bawa kwapani. "Uliona, Mjomba?")

Niliona, mwanangu. Niliona moshi wote umelala.

("Basi angalau wewe.")

Nenda. Nimeambiwa huko Stuttgart asubuhi watu wanafungua madirisha yote makusudi, hata wakati wa theluji, wakakaa humo humo wakanywa kahawa. Sisi hapa tuliwaona wendawazimu. Nenda ukakae nao.