Saa Iliyoporwa Matangani

Maneno Pazi alikuwa na kuta nne pale Bigwa, mlango mmoja wa mninga, na paa hana. Mama wa mchumba wake, Mwanvita, alishamwambia bila kupepesa macho: "Binti yangu haolewi chini ya turubai. Masika yakizikuta kuta hizo wazi, habari ya posa iishie hapo hapo." Na sasa Machi ilikuwa imeingia, mawingu yanakaa juu ya Uluguru tangu asubuhi.

Usidhani basi Maneno alikwenda kutafuta kazi. Thubutu! Alikwenda kuzurura kwenye mitumba, na katika lundo la mikanda na miwani akaiona saa. Nzito, ya dhahabu, ina jina la Kizungu la kutisha. Muuzaji, mgeni mwenye haraka zake, alitaka elfu hamsini. Maneno akampa thelathini, asiulize imetoka wapi. Alijua ni feki, ila feki ya heshima, na papo hapo akamkumbuka Frank.

Frank alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, ghala limejaa mabati, na uchu wa vitu vya wakubwa kwa bei ya nyanya. Ila alikuwa na ugonjwa wa risiti. Ukimuuzia mchicha, anadai risiti; ukimuuzia kitu leo, kesho anakurudishia. Maneno akawaza siku mbili, akapata mahali ambapo hakuna mtu duniani anayedai risiti: msibani, mbele ya watani.

Maana mtani akija kwenye msiba wenu ana ruhusa zote. Atamwiga marehemu, ataficha sufuria ya pilau, atakuvua kitu mwilini na kukinadi mpaka kikombolewe. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukinuna tu, umeuaibisha ukoo mzima.

Akamfuata mtani wake Semeni, mama wa Kizigua mwenye mdomo wa kusimamisha harusi.

"Jumamosi ni arobaini ya Mjomba Salehe. Frank atakuwepo, ni jirani. Nipore hii saa, uinadi, umbane mpaka atoe mabati."

"Tunagawana nusu kwa nusu?"

"Wewe robo. Mkono unaoporwa ni wangu."

Semeni akamtazama kidogo. "Haya, mtani," akasema, kwa upole ambao ungemshtua mtu yeyote mwenye akili zake timamu.

Jumamosi Maneno akakaa ubavuni kwa Frank, mkono wa kulia kwenye pilau, wa kushoto ukipunga nzi wasiokuwepo.

"Hiyo ya ukweli?" Frank akanong'ona.

"Shh, kaka. Dar wananipa milioni kumi na nane. Siuzi."

Neno "siuzi" lilimharibia Frank chakula. Kabla hajameza tonge, Semeni akaibuka kajifunga shuka la marehemu, akaichomoa saa mkononi mwa Maneno. "Mjomba ameiulizia saa yake! Nani anaikomboa? Waluguru mnashindwa na saa?"

Watu wakaangua kicheko. Maneno akalia kilio cha kupangwa: "Nihurumie, mtani!"

"Laki tano," Frank akaropoka.

"Laki tano kanunue ndizi Kinole!"

Pesa taslimu ilimuuma Frank, lakini mabati alikuwa nayo ya kumwaga. "Bati arobaini."

"Sitini. Geji ishirini na nane, na misumari yake."

Frank akapiga hesabu ya milioni kumi na nane, akakubali mbele ya shehe na majirani wote. Alivyoivaa ile saa, ungesema kasimikwa uchifu.

Kesho yake Maneno alisimama kwenye kuta zake akingoja gari la mabati. Saa tatu, saa sita, kimya. Akaenda Kihonda kwa Semeni, akakuta mafundi wako juu ya nyumba yake wanapigilia mabati ya Frank, nyundo zinalia.

"Semeni! Hayo mabati yangu!"

"Jamani njooni!" Semeni akapaza sauti. "Mluguru kakasirikia utani!"

Majirani wakatoka na watoto mgongoni. Maneno akawatazama, akatazama misumari ilivyozama, akacheka. Mbavu zilimuuma kwa kicheko kile.

Jumatano polisi wakamfuata. Frank alikuwa ameipeleka saa Dar ipunguzwe mkanda. Fundi saa akasoma namba ya nyuma, akamkaribisha kiti, akaenda chumba cha pili kupiga simu. Lahaula! Saa ilikuwa ya kweli, na iliibwa Desemba kwa daktari mmoja. Frank akarudi Morogoro hana saa, hana mabati, ila ameandikishwa maelezo ya kurasa nne.

"Huyu ndiye aliyeniuzia!" akafoka kaunta.

"Sijauza! Watu mia wameona nikiporwa mkononi mwangu!"

"Mkononi mwako," Sajenti Juliana akarudia, akiandika polepole. "Kwa hiyo ulikuwa nayo wewe."

Maneno akageuza kibao. "Afande, mimi nilijua ni feki."

"Na ukasema ina thamani ya milioni kumi na nane. Basi chagua mwenyewe. Kama ulijua feki, umetapeli. Kama ni ya kweli, umekutwa na mali ya wizi. Risiti unayo?"

"Sina."

"Na wewe, Frank?"

Frank, mtu wa kudai risiti ya mchicha, akatazama viatu vyake.

Semeni alihojiwa pia. Watu mia, shehe akiwemo, wakasema neno moja: alipora kwa utani, kama mila inavyotaka. Akaachiwa, Maneno akabaki mahabusu. Alhamisi mchana akaja kituoni na wali maharage.

"Pole, mtani. Kula." Mvua iliyoanza jana usiku ikazidi kumwagika nje. "Unaisikia? Kwangu inalia vizuri hiyo! Mwanvita na mama yake wapo pale, wamejikinga. Kuta zako zimeshalala, maskini. Yule mama amelipenda sana paa langu. Ameniuliza kama mdogo wangu Said ameoa."

Maneno akasimama, mdomo wazi, tusi liko kwenye ulimi. Mahabusu wenzake wakageuka. Sajenti Juliana akainua kalamu.

"Umekasirika, mtani?" Semeni akauliza.

Maneno akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Semeni alipopita kaunta akaondoka na viatu vya Maneno vilivyohifadhiwa pale.