Tundu la DNS Aliloligundua Semboja

Jumatatu, 10 Machi 2003. Handeni.
Nimegundua tundu! Kompyuta ikipiga simu kuingia mtandaoni, skripti, ile programu ndogo ya kuunganisha, huchukua faili la DNS, lile linalosema majina ya tovuti yaulizwe wapi, kutoka folda ya muda. Haiulizi nani kaliweka. Mteja yeyote anaweza kuweka lake! Wataalamu wa dunia nzima wamepitiwa. Semboja hakupitiwa.
Maryamu, mwenye duka la intaneti kama langu kule Korogwe, anatumia skripti hiyohiyo. Jumamosi Mzee Parsaoti, kiongozi wa wafugaji, anachagua duka la intaneti litakalowaandikia watu wake barua za kwenda kwa wanunuzi wa ng'ombe. Akichagua Korogwe, nafunga duka moja kwa moja.

Alhamisi, 13 Machi.
Faili liko tayari. Ita tovuti yoyote, utapata ukurasa wangu tu, kwa herufi nyekundu: MWENYE DUKA HILI HAJUI KAZI. Nimelijaribu hapa kwangu. Safi kabisa! Nimelinakili kwenye disketi. Nimejipigia makofi.

Ijumaa, 14 Machi. Korogwe.
Duka nimelifunga kwa leo, nikapanda basi. Maryamu akaniamkia: shikamoo fundi, leo umekuja kujifunza? Nikasema nasoma barua pepe tu. Nikaweka faili, nikamwomba akate simu aunganishe upya. Akaunganisha. Tovuti zote zikafunguka kama kawaida! Akasema, bila hata kunitazama, kwamba skripti yake aliirekebisha mwaka jana, haigusi tena faili la mteja.
Mwaka jana! Ameniiga kabla sijagundua.

Jumamosi, 15 Machi. Handeni.
Mzee Parsaoti kaja na binti yake, Nasinkoi. Shikamoo, kiti, soda. Nikaunganisha. Nasinkoi akaita tovuti ya bei za ng'ombe. Herufi nyekundu! Faili la majaribio sikulifuta. Binti akasoma kwa sauti. Mzee akauliza nani kaandika. Sikuona sababu ya kumwachia mwingine sifa. Nikasema mimi.
Akasema mfanyabiashara mkweli namna hii hajapata kumwona. Akamaliza soda, akaenda Korogwe.

Jumapili, 16 Machi.
Maryamu kapiga simu. Barua za wafugaji zimemzidi, atanigawia nusu, duka langu lipone. Sharti moja: nizibe lile tundu kwanza. Kazi ndogo, kasema, atanielekeza kwa simu.
Nimekataa. Mtu na akili zake azibe ugunduzi wake mwenyewe?
Kesho nafunga duka. Mlangoni nimepigilia kibao kipya: HAPA NDIPO TUNDU LILIPOGUNDULIWA.