Mtaalamu wa Mafuta wa Rwambuzi

Jumatatu, 10 Juni 2002
Habari kubwa! Sokoni wanasema Wazungu watakuja kutafuta mafuta kando ya Ziwa Albert. Bunia nzima inazungumzia bunduki, hata huku mtaani kwetu Rwambuzi; mimi peke yangu nazungumzia kazi. Na ninayo sababu. Muzee Laurent, baba yake Wivine, mwenye mashine ya kusaga unga, ametamka: Jumapili atachagua mkwe, mimi au Hervé, na binti yake haolewi na mtu asiye na kazi. Hervé anachimba dhahabu kule Nizi. Dhahabu! Mambo ya babu zetu. Mimi nitakuwa mtu wa petroli. Imebaki kuchagua kazi yenyewe.

Jumanne, 11 Juni
Nimechagua: mpishi wa kambi ya wachimbaji. Kivuli, nyama, mshahara! Nimempikia mama sombe, majani ya muhogo, kwa majaribio. Mama amesema heri vita. Nimebadili mawazo.

Jumatano, 12 Juni
Mtaalamu wa matope! Jirani yetu Lambert, aliyewahi kuishi Muanda, pwani, kwenye visima vya mafuta, anasema mtambo hauchimbi bila matope maalumu, na yupo mtu anayelipwa kuyaangalia tu. Jamani! Na mtaa jirani wa Nyakasanza ulivyojaa matope, tena ya bure! Nimejaza sampuli kwenye sufuria zote za mama. Kisha mama akarudi kupika. Yaliyofuata siyaandiki.

Alhamisi, 13 Juni
Hervé amenicheka mbele ya Wivine. Wivine akauliza: “Fiacre, kuchezea potopoto iko kazi gani?” Nikamjibu kwamba ni kazi ya kesho. Akasema yeye anakula leo.

Ijumaa, 14 Juni
Uamuzi wa mwisho: mchimbaji! Muzee ataona kwa macho yake. Nitachimba kisima cha majaribio uani kwetu, nyuma ya migomba, ambako udongo ni laini ajabu. Mama amenikataza kugusa pale, bila kutoa sababu. Wazee na sayansi! Hervé ameniazima baramini, chuma chake kirefu cha kuchimbia. Mjinga, amenipa silaha ya kumshinda.

Jumapili, 16 Juni
Mama alikuwa bado kwenye misa. Muzee, Wivine na Hervé wakasimama uani. Nikapiga. Ngo! Nikawaeleza kwamba huo ni mwamba. Nikapiga tena kwa nguvu za ukoo mzima, chuma kikapenya, kikazama hadi chini. Nikakichomoa kikidondosha... mafuta! Nikajipaka usoni, nikamkumbatia muzee. Hata Wivine alipiga vigelegele. Nitakufa nikivikumbuka.

Muzee alinusa chuma, akashika kichwa: “Eh Mungu, mazutu yangu! Siye tutasaga na nini?”

Kumbe mwezi wa nne, askari walipokuwa wakipora, muzee alimwachia mama pipa lake la mazutu, dizeli ya mashine, alizike kwetu kwa siri; mahali penyewe alipajua mama peke yake. Muzee alichagua kwetu kwa sababu hakuna mporaji ambaye angepoteza muda wake nyumbani kwa Fiacre. Hilo liliniuma kuliko yote. Tulifukua kwa jembe, kwa sahani, kwa mikono. Pipa lilikuwa limetoboka juu na chini, na ardhi ilikuwa imeshakunywa yote. Njia zimefungwa, mazutu mengine hayaingii mjini, na mashine imenyamaza. Wivine alilia kwa hasira. Nami nililia, nikasingizia harufu.

Jumanne, 18 Juni
Hervé amekubaliwa. Mimi nimehukumiwa: kila mwanamke aliyezoea kusagisha kwa muzee ananiletea mahindi, natwanga kwa mkono mpaka mazutu yapatikane. Wivine alipita akanitazama, akasema angalau sasa niko na kazi. Mchi ulinitoka mkononi.

Jumatano, 19 Juni
Nimeamka na akili! Nimekwenda kunusa nyuma ya migomba. Bado kunanuka. Basi tufikiri kitaalamu: ardhi yetu sasa ina mafuta ndani, kweli kabisa, na mashahidi wapo! Kupika, kukoroga, kuchimba, hizo zote ni kazi za watumishi. Mimi nimechagua kuwa mwenye kisima. Leo nazungusha uzio kabla Wazungu hawajafika. Muzee Laurent nitamgawia kidogo, akiniomba kwa heshima.