Ovadraivu ya Harusi ya Jocelyne

Jumatatu, 4 Agosti
Hasira! Kikao cha familia kimeniaibisha mi, Modeste, mkubwa wa wote! Jumamosi ndugu yangu anamuoza binti yake Jocelyne, kanisani kule mji wa Tenke. Nikasema nitampeleka na gari langu la Kiingereza, lile dogo jekundu lisilo na paa. Badibanga, shemeji yangu na jirani yangu, akacheka. Eti kwenye barabara kuu injini yangu inapiga kelele mpaka bibi harusi atafika kiziwi, afadhali jeep yake. Uamuzi: nimepewa nafasi moja. Nikishindwa, mutoto anapanda jeep, na gari linauzwa vyuma chakavu. Gari langu!

Jumanne, 5 Agosti
Dawa ninayo. Ovadraivu! Kidude cha kufunga nyuma ya giaboksi: gari linakimbia vilevile, injini inapunguza mzunguko na kutulia. Nimekipata kwa muuza vipuri vikuukuu. Giaboksi nimeishusha, iko juu ya meza ya chakula. Mke wangu Adolphine anauliza bukari, ugali wetu, tutakula wapi. Mtu anajenga historia, yeye anawaza tumbo!

Alhamisi, 7 Agosti
Ovadraivu imeingia! Shafti ya kuzungusha magurudumu ilikuwa ndefu, nimeikata na kuichomelea upya. Badibanga akaja getini, bila kualikwa. Eti nisithubutu kurudi nyuma ovadraivu ikiwa imewashwa, itavunjika. Eti nifunge waya wa kuizima yenyewe nikiweka gia ya nyuma. Nani kamuuliza? Wivu mtupu! Waya nimeutupa. Nimefunga taa nyekundu ya kuwaka ovadraivu ikiwashwa, aione vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti
Mungu wangu. Asubuhi Jocelyne aliketi pembeni yangu na shela lake, akaniita baba: aksanti, tata. Nilikaribia kulia. Nikawasha ovadraivu palepale mlangoni, taa ikawaka, Badibanga akaiona. Honi! Vigelegele! Hata kona hatujafika, dada yetu Mbuyi akaruka mbele ya gari: mutoto hajaaga nkambo, bibi yake, kikongwe yuko ndani anangoja, bila baraka yake hakuna ndoa. Rudi! Nikarudi kinyumenyume. Ile taa nikaisahau kabisa.

KRRAA!

Chuma kikasagika chini yetu. Gari haliendi mbele, haliendi nyuma. Jocelyne akashuka analia, akapanda jeep. Na Badibanga hakucheka, mshenzi yule. Alinipa pole! Mbele ya watu wote!

Jumatatu, 11 Agosti
Wanunuzi wa vyuma wamekuja. Nimewafukuza na spana mkononi. Nimefikiri vizuri: ovadraivu haina kosa. Aliyeharibu kila kitu ni gia ya kurudi nyuma. Nani anaihitaji? Bibi harusi anaenda mbele tu! Nimefungua giaboksi, nimeing'oa gia hiyo, nimeitupa chooni. Ovadraivu nyingine naifuata kesho. Darlène, mdogo wake Jocelyne, anaolewa Desemba. Nimemwambia atapanda kwangu. Akalia. Furaha, bila shaka.

Adolphine anauliza gari litatokaje uani, maana walivyolisukuma juzi limebaki linatazama ukuta wa Badibanga.

Ukuta wenyewe ni wa matofali tu. Nyundo ninayo.