Simu Yangu Ilivyowaamsha Viboko

Leo nimeaibika mchana kweupe, jamani. Tena mbele ya viboko!

Kaka yangu wa Koboko alikodi mashua Pakwach, familia yote tutembee kwenye Mto Nile. Nikasema shangazi hawezi kutoka Arua mikono mitupu. Lakini kijana unampa nini? Ukimpa pipi anakuangalia kama umemtukana. Ukimpa soksi anasema asante, halafu anampa baba yake.

Jana nikazunguka soko la Arua mpaka miguu ikavimba. Nikanunua karata, kofia mbili, na vifuko vya plastiki vya kuvaa shingoni, vya kukinga simu na maji. (Muuzaji aliapa kwa mama yake. Mimi nikaamini. Ndivyo nilivyo.)

Leo, tulipofika katikati ya mto, nikagawa. Rashid, mtoto mkubwa wa kaka, miaka kumi na saba, akageuza kifuko chake. "Shangazi, hii si ya kuwekea sukari?" Dada yake Sauda akaficha mdomo kwa kofia.

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza!

"Angalieni hapa!" Nikatia simu yangu ndani, nikafunga, nikainama nikaichovya mtoni. Nikaitoa. Kavu kabisa! Wifi yangu akapiga makofi. Rashid akasema, "Kumbe iko kali!"

(Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa shangazi bora West Nile nzima.)

Nikachovya tena, kwa madaha. Kamba ikakatika.

Kifuko hakikuzama. Kikaelea zake taratibu, kikaingia kwenye magugu maji. Na kando ya magugu, viboko. Familia yote, kama sisi!

"Simu yangu!" nikapiga kelele. Mimi ni fundi cherehani. Vipimo vya magauni ya harusi ya Jumamosi viko humo!

Nahodha akazima injini. "Mama, kaa chini. Simu iko wapi? Mimi haioni."

"Nitaipigia, tuisikie," Sauda akasema, na simu yake iko sikioni tayari. Mtoto ana akili! Halafu nikakumbuka mlio wangu.

"Sauda, usipi..."

Nimechelewa. Mimi nina usingizi mzito, basi nilirekodi sauti yangu mwenyewe iwe mlio wa simu, iniamshe. Kutoka kwenye magugu mto mzima ukasikia:

"ZAITUNI! AMKA! UNALALA KAMA KIBOKO!"

Kiboko mmoja akainua kichwa. Akatuangalia. Akapiga miayo.

Kaka yangu, mwanajeshi mstaafu, alianguka chini ya benchi kwa kucheka. Wifi alilia. Nahodha alingoja kifuko kisogee mbali na wale wanyama, ndipo akakivuta kwa mti mrefu, huku akicheka. Muda wote huo mimi naendelea kujitukana kutoka majini.

"Sauda, kata simu!"

"Ngoja kwanza, shangazi. Rashid bado anarekodi."

Simu ilitoka kavu. Vipimo vyote vipo. Vijana wamevaa vifuko vyao mpaka Koboko, wamekataa kuvivua. Rashid hata alinikumbatia mbele ya watu, kitu ambacho hajafanya tangu aote ndevu.

Lakini video ilinitangulia Arua. Jirani amenipokea mlangoni: "Zaituni, umeamka?"

Basi ndugu zangu, ukimpa kijana zawadi, kaa chini, tulia, mwache aichovye mwenyewe. Na wewe unayesoma hii kule Manibe, nje kidogo ya Arua, hicho kicheko nakisikia mpaka hapa!